Kidau cha Wino Kimgeukie Mwananchi

Katika ofisi nyingi za umma za Kanda ya Ziwa, kutoka Shinyanga na Kahama hadi Geita, na kuvuka maji mpaka visiwani, juu ya meza ya mkuu huwapo kifaa kimoja ambacho ni nadra mgeni kukitazama mara mbili. Ni kibao kilichong'arishwa, chenye matundu mawili ya kusimamishia kalamu, pengine na bendera ndogo katikati, na kishimo cha kuwekea pini. Kifaa hicho kimewekwa kumwelekea mkuu. Mwananchi aliyekaa upande wa pili huuona mgongo wake. Kwenye kaunta ya nje, ambako mwananchi ndiye atakiwaye kuandika, kalamu mara nyingi haipo, au ipo moja iliyofungwa kwa uzi mfupi usiofika kwenye karatasi. Kando yake kuna kitu kimoja ambacho hakikosekani kamwe, nacho ni kikopo cha wino wa dole gumba.

Wako watakaosema kwamba gazeti limekosa la kuandika hata likajishughulisha na vidau vya wino na vishikio vya kalamu. Sisi hatuoni hivyo. Namna meza ya ofisi ilivyopangwa humwambia mwananchi, kabla hajafungua kinywa, kama alitegemewa kufika hapo na kama alitegemewa kujua kuandika. Meza nyingi zinampa jibu ambalo si la haki.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikwisha kuonyesha kwamba watu wazima wapatao asilimia 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Zilichaguliwa wilaya sita ambamo ujinga huo ulitakiwa kufutwa kabisa ifikapo mwisho wa mwaka 1971, na mbili kati yake zilikuwa visiwa: Mafia katika Bahari ya Hindi, na Ukerewe katika ziwa letu. Mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO kuanzia mwaka 1968, nao ulikuwa na makao yake Mwanza na ulifanya kazi katika mikoa ya kanda hii, Shinyanga ikiwamo. Wakulima wa pamba na wavuvi walikaa chini ya miti jioni, baada ya kazi, wakajifunza kuandika majina yao. Ilipofika mwaka 1975 idadi ya wasiojua kusoma nchini ilikuwa imeshuka hadi asilimia 39, na mwaka 1986 ilikuwa chini ya asilimia 10.

Ukerewe haikuishia kwenye kuandika majina. Hayati Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa hicho, alikwisha kumaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambayo ilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mtu wa visiwani, basi, si mgeni wa kalamu. Na aliyejifunza kuandika kwa jasho la namna ile, au aliyefundishwa na mzazi aliyejifunza hivyo, hastahili kusogezewa kikopo cha wino na kuambiwa "tia dole hapa" kwa sababu tu kalamu ya ofisi imepotea.

Si kwamba dole ni aibu. Wapo wasioweza kuandika, wapo wazee ambao mikono yao inatetemeka, na dole lao ni ushahidi halali unaopasa kuheshimiwa. Tunachokataa ni dole kufanywa njia ya mkato ya ofisi isiyojiandaa. Mwenye kutia sahihi hushika karatasi, huiinamia, na huenda akasoma anachokubali. Mwenye kushikwa kidole na kukandamizwa juu ya karatasi huonyeshwa mahali pa kukandamiza, basi. Katika mkoa ambamo mwenye shamba, mwenye leseni na mwenye duara hugawana mawe ya dhahabu kwa makubaliano ya maandishi, na ambamo fomu za fidia na hati za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hutiwa sahihi mezani, tofauti hiyo yaweza kuwa tofauti ya kuwa na shamba na kutokuwa nalo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata yenye daftari hupotea, ikiwa mwenyewe hakupewa kalamu.

Sasa tukitazame kifaa chenyewe, maana kina historia, na historia yake inafundisha. Wazee waliosoma enzi za ukoloni wanayakumbuka madawati yenye tundu la duara kwenye kona ya juu, ambamo kidau cha kauri kilitumbukizwa. Kulikuwa na akili katika mpango huo: kidau kilichozama ndani ya mbao hakipinduki hata dawati likisukumwa. Vidau vya mezani navyo vilitengenezwa kwa sababu. Kitako kilikuwa kipana na kizito ili kisiyumbe. Mdomo ulikuwa mwembamba ili wino usikauke upesi na kalamu isizame mno. Kifuniko kilizuia vumbi. Mfereji wa mbele ulikuwa wa kulaza kalamu iliyolowa. Hata pale kitako kilipokuwa cha shaba, chombo cha wino chenyewe kilikuwa cha kioo au kauri, kwa kuwa wino wa zamani uliochanganywa kwa chumvi ya chuma ulikuwa mkali, na ulikula madini.

Kosa la dawati lile lilikuwa moja. Tundu lilikuwa kwenye kona ya kulia peke yake, na mtoto mwenye kutumia mkono wa kushoto alilazimika kuvusha kalamu inayodondosha wino juu ya kazi yake mwenyewe. Akaitwa mchafu, wakati mchafu alikuwa fundi wa dawati.

Ndipo ikaja kalamu ya bolpeni. Mwaka 1938 Mhungari László Bíró alipata hataza ya kalamu inayobeba wino wake tumboni, na baada ya vita kalamu za namna hiyo zikaenea duniani kote kwa bei ndogo. Kazi ya kidau ikawa imekwisha. Lakini kibao cha mezani hakikuondoka. Kilibaki kama nanga ya chombo kilichokwisha kuuzwa. Kazi ilipoondoka, cheo kilibaki. Kibao kikawa pambo la kumtambulisha mkuu, kikapambwa kwa vanishi na rangi ya dhahabu, na kalamu zake mbili mara nyingi hazina wino tena. Wakati huohuo, mahali penye haja ya kweli, yaani kaunta, hapakubuniwa kitu. Pakafungwa uzi.

Tufikirie mtu wa Izumacheli, au wa Kome, au wa Ukara. Huondoka mwaloni alfajiri, hulipa nauli ya boti, huendelea na safari ya nchi kavu mpaka ofisini, na hana budi kurudi kabla ziwa halijachafuka. Akikuta foleni ya watu ishirini wanaongojea kalamu moja yenye uzi wa shubiri mbili, muda anaopoteza haulipwi na mtu yeyote. Boti haimngojei. Huenda akalala mjini kwa gharama yake, au akatia dole ili awahi. Msemo wa pwani husema dau la mnyonge haliendi joshi. Hatupendi ionekane kwamba na kidau cha mnyonge nacho hakiendi.

Tunapendekeza, basi, kwamba halmashauri zetu zikubaliane juu ya kishikio cha kalamu cha kaunta, kilichobuniwa kwa ajili ya anayesimama upande wa nje. Sifa zake si nyingi. Kitako kiwe kizito na kifupi, kisipinduliwe na kiwiko cha mtu. Matundu yawe si chini ya manne, yameinama kumwelekea mwananchi, ili foleni isifungwe na kalamu moja. Kama lazima kalamu ifungwe, mnyororo uwe na urefu wa kufika kwenye karatasi kubwa kutoka kulia na kutoka kushoto, na uanzie katikati ya kibao. Kiwepo kingine cha chini, kwenye meza ya kukalia, kwa ajili ya wazee na wenye viti vya magurudumu. Kikopo cha wino wa dole kiwekewe shimo lake katika kibao hichohicho, chenye kifuniko, pamoja na kitambaa cha kufutia, ili atiaye dole asiondoke ofisini na kidole cheusi kama mtu aliyeadhibiwa. Na tundu moja libaki la miwani ya kusomea ya kuazima, kwani wengi wenye kujua kusoma huambiwa hawajui kwa sababu tu macho yamechoka.

Kifaa hicho hakihitaji kuagizwa ng'ambo. Warongo wa nchi ya Geita waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mpaka Usukuma karne nyingi kabla ya kufunguliwa kwa mgodi wa kwanza wa Geita katika miaka ya 1930. Leo mafundi chuma wa kanda hii hutengeneza makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Kitako cha kishikio cha kalamu hakiwezi kuwashinda. Kuhusu mbao, Shinyanga ilikuwa imekaribia kuwa jangwa pale mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanzishwa mwaka 1986, na kwa njia ya ngitili wananchi walirudisha uoto katika eneo la zaidi ya hekta 300,000. Mti uliorudishwa kwa taabu hiyo haukatwi ovyo, nasi hatusemi ukatwe. Mabaki yanayotupwa katika karakana za maseremala yanatosha. Kipande cha mninga cha urefu wa futi moja kinatosha kibao kizima, na kazi yake haipiti randa, msumeno na keekee. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lipo kwa ajili ya kazi za namna hii.

Wakubwa wa manunuzi wasituambie kwamba sheria inawafunga. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatoa nafasi kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, kupata asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi. Kikundi cha vijana maseremala cha Kahama au cha Katoro kinaweza kuandikishwa na kupewa kazi hiyo. Kinachotakiwa ni afisa aandike maelezo ya kifaa anachokitaka, badala ya kuandika "seti ya meza ya ofisi" na kupokea chochote kinacholetwa na mfanyabiashara.

Twajua pia wako watakaosema kwamba siku za kalamu zimekwisha, kwamba ofisi sasa zinatumia mtandao na alama za vidole huchukuliwa kwa mashine. Maendeleo hayo tunayapokea kwa furaha. Hata hivyo karatasi bado zinatembea mikononi mwa watu, na umeme visiwani bado hukatika. Zaidi ya hayo, mashine nazo hukaa juu ya meza, na swali litabaki lilelile: kioo chake kimemwelekea nani? Ofisi iliyoshindwa kumgeuzia mwananchi kalamu haitamgeuzia kompyuta.

Jambo hili halihitaji mkutano wala tume. Kila mkuu wa ofisi asomaye safu hii leo anaweza kutoka chumbani mwake, asimame upande wa nje wa kaunta yake mwenyewe kama mtu aliyetoka Izumacheli, na kujaribu kuandika jina lake kwa kalamu iliyopo. Akishindwa, basi akizungushe hata kile kibao cha mezani mwake, kalamu zimwelekee mgeni, wakati wa kungoja mafundi wa Shinyanga na Geita wamalize kazi ya kweli.