Wanafunzi wa mipangomiji wapelekwe mipakani

Kila mwaka, masomo ya darasani yanaposimama, wanafunzi wa mipangomiji na wa utawala wa serikali za mitaa hutoka vyuoni kwenda kujifunza kazi maofisini. Tanzania wengi huyaita mafunzo hayo fildi. Kenya huitwa uanagenzi. Vijana wa fani hizo wapo Chuo Kikuu Ardhi jijini Dar es Salaam, Chuo cha Mipango na Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo mkoani Dodoma, Chuo Kikuu cha Nairobi, Maseno na Makerere. Kwa wiki kadhaa hukaa katika ofisi za halmashauri, kaunti au wilaya, kisha hurudi chuoni na ripoti mkononi.

Mfanyabiashara wa Namanga, Busia, Mutukula au Sirari anaweza kudhani habari hiyo haimhusu. Inamhusu sana. Ofisi anakokaa mwanafunzi huyo ndiyo inayoamua soko liwe wapi, stendi ihamie wapi, mtaro upite wapi, na kama meza ya nyanya iliyo kando ya barabara ni biashara au ni kero ya kuondolewa. Mkusanya ushuru mfanyabiashara anamjua kwa sura na kwa jina. Mchora ramani hamjui, na huyo ndiye awezaye kumpa riziki au kumnyima kwa mstari mmoja wa kalamu.

Miji ya mipakani imebadilika haraka. Kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kilizinduliwa mwaka 2016, cha Mutukula mwaka 2017, vya Busia na Namanga mwaka 2018. Utaratibu wake unajulikana: msafiri na mzigo husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili humhudumia hapo hapo. Kwa mwenye lori hiyo ni nafuu kubwa. Lakini mji wa mpakani umeishi miaka mingi kwa kusimama kwa malori. Lori linapolala, hula mamalishe, mwenye gesti, mbadilisha fedha, mpagazi na fundi wa matairi. Linapopita kwa saa chache, wote hao hulazimika kulifuata linakosimama sasa, na huko huenda hawakutengewa mahali. Ndipo mvutano na mgambo unapoanza. Kosa si la mamalishe, wala mgambo hakuleta tatizo. Mkondo wa watu na mizigo umehama, na ramani ya mji imebaki ilipokuwa.

Kuna jambo la pili. Mchoro wa mji huishia penye mpaka. Tanzania ina Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, Uganda ina sheria yake ya mipango ya maeneo ya mwaka 2010, na Kenya ina ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi. Kila sheria inatawala ndani ya nchi yake, na ndivyo inavyopaswa. Halmashauri ya Longido haina mamlaka ya kupanga mtaa ulio Kaunti ya Kajiado, wala Busia ya Kenya haiwezi kuamua soko la Busia ya Uganda. Lakini maji ya mvua hayasimami penye alama ya mpaka, na mama anayenunua maharage upande huu na kuyauza upande wa pili anatumia mji mmoja, si miwili. Ni rahisi sana kila upande ukajenga soko lake, ukaweka taa zake na kuchimba mitaro yake, bila mtu yeyote kuhesabu wangapi wanapita katikati kwa miguu, saa ngapi, na wamebeba nini.

Kazi hiyo ya kuhesabu ndiyo wanayoiweza wanafunzi. Afisa mipangomiji wa wilaya ana migogoro ya viwanja, vibali vya ujenzi na vikao visivyokwisha. Hana nafasi ya kukaa siku sita kando ya njia akihesabu mikokoteni. Wanafunzi wanne wanaweza. Ndani ya wiki nane wanaweza kuonyesha kwenye ramani kila kibanda na kila meza, kupima umbali kutoka kituo cha forodha hadi sokoni, kuhesabu vyoo, kuona ni wapi giza huingia kabla akina mama hawajafunga biashara, na kulinganisha siku ya gulio na siku ya kawaida. Hayo hayahitaji mitambo ya gharama. Yanahitaji macho, daftari, simu na uvumilivu.

Kwa hiyo vyuo na halmashauri zinazopakana zikubaliane kuwapeleka wanafunzi mpakani wawili wawili, mmoja wa kila upande, katika wiki zile zile na kwa fomu ile ile ya Kiswahili. Msingi wa kufanya hivyo upo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na kanuni zake za uhuru wa watu kwenda nchi hadi nchi zinawataja wanafunzi. Mwaka 2017 wakuu wa nchi wanachama walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Matamko hayo yamekaa vizuri kwenye karatasi. Kijana wa Ardhi na mwenzake wa Nairobi wakifanya kazi meza moja Namanga, yatakuwa na maana pia kwa muuza viazi.

Wapo watakaosema mwanafunzi hana uzoefu, na kwamba mji si mahali pa kujifunzia. Ni kweli hana uzoefu, ndiyo maana asipewe kuamua. Apewe kuhesabu, kuuliza na kuchora, chini ya mpangaji wa mji mwenye sifa, na uamuzi ubaki kwa wenye dhamana. Hasara ya sasa ni kubwa zaidi: kijana anafika ofisini, anapewa kupanga mafaili na kutoa nakala, muda unakwisha, anaondoka bila kujua mji aliokuwa akiupitia kila asubuhi.

Lipo pia suala la fedha. Mwanafunzi asiye na ndugu mpakani hawezi kujipangia chumba na chakula kwa wiki nane, hivyo huomba nafasi penye shangazi au kaka wa kumpokea. Tanzania, Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini hilo hulipata aliyekopeshwa tu, na ni deni atakalolipa. Halmashauri inayokusanya ushuru mpakani haiwezi kushindwa kuwatafutia vijana wanne malazi na nauli. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo lazima apewe pa kulala kwanza.

Wafanyabiashara nao wana hofu yao, na ni ya haki. Mtu mwenye daftari sokoni huonekana ametumwa na mamlaka ya kodi. Akiuliza mzigo una thamani gani, jibu litakuwa la uongo au atanyamaziwa. Wanaovuka na mizigo midogo kwa utaratibu uliorahisishwa, ule wa bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani, wanajua jinsi maelezo yanavyoweza kumgeukia mtoaji. Kwa sababu hiyo masharti yawekwe mapema na yatangazwe sokoni: fomu zisiwe na majina wala namba za simu, hesabu itolewe kwa jumla, na zisipelekwe kwa mtoza ushuru yeyote. Mwanafunzi afike akiongozana na kiongozi wa soko anayeaminika, si akiongozana na mgambo.

Mwisho kuna ripoti yenyewe. Leo mwanafunzi huiandikia chuo ili apate alama, na baada ya alama hulala kabatini. Hapo ndipo faida yote inapopotea. Nakala ya kila ripoti ya mpakani iwasilishwe kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulikia mipangomiji, na nyingine kwa wenzao wa upande wa pili. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, pamoja na ramani, ubandikwe kwenye ubao wa soko pande zote mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika uongozi wa kaunti, na Tanzania wadau hukutanishwa mji unapoandaliwa mpango. Lakini mfanyabiashara anayekwenda kikaoni mikono mitupu huishia kulalamika. Mwenye hesabu ya watu wanaopita alfajiri huulizwa maswali, na maswali hayo huingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Vyama vya wafanyabiashara visisubiri. Kabla ya likizo ndefu ijayo, uongozi wa soko la kila upande uandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri au kwa serikali ya kaunti, nakala kwa chuo kimoja cha karibu, ukiomba wanafunzi na kutaja swali moja unalotaka lijibiwe. Liwe dogo na la kweli: wachuuzi wa mboga wawekwe wapi ili wasizuie barabara na wasipoteze wateja; au kwa nini soko jipya lina vizimba vitupu huku njia ya zamani imejaa watu. Chuo kitapata kazi halisi ya kumpa kijana, na halmashauri itapata takwimu ambazo haikuwa na mtu wa kuzikusanya. Siku ile watakapokuja kupaka alama ya X nyekundu kwenye vibanda, wenye vibanda wawe na ramani yao ya kuweka mezani.