Mkate wa jana, maharage ya jana

Wamama wapendwa, sisi walimu tunamtambua mtoto aliyekuja na njaa: kabla ya mapumziko hasikii tena somo. Wamama wa Meksiko wana asubuhi yao ya haraka, inaitwa molletes. Tujaribu.

Tunapasua mkate katikati. Maharage yaliyobaki jana tunayaponda, tunayakaanga na kitunguu mpaka yakauke, tunayapaka juu ya mkate. Tunaweka fromaji, tunafunika kwenye sufuria kavu, makala kidogo, mpaka iyeyuke. Juu yake nyanya, kitunguu na pilipili mbichi, vyote vimekatwa vidogo, na chumvi na ndimu.

Za sukari ni siagi, sukari na mdalasini, tunachoma kidogo. Hizo tuziwekee siku ya Mungu. Siku ya masomo, maharage ndiyo yanamfikisha mtoto kwenye kengele ya kutoka.