Baba Mpya na Wiki Mbili Zake

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa kila mwajiriwa wa kiume nchini Kenya wiki mbili za likizo ya baba kwa mshahara kamili. Mtanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hupata siku 3, tena sharti azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mganda hupata siku 4 za kazi. Ukilinganisha na majirani zake, basi, Mkenya amejaliwa. Neno langu leo si juu ya uchache wa siku hizo bali ni juu ya matumizi yake. Tazama mtaa kama Elgon View, hapa Eldoret, ambako mwenye nyumba ni daktari, mhadhiri, mfanyabiashara au mwanariadha aliyejenga kwa jasho la mbio. Mtoto huzaliwa, likizo huombwa na kutolewa, na siku ya tatu utasikia baba yuko Moiben au Ziwa akikagua mahindi, au yuko mjini akimsaka fundi wa tangi la maji, au yuko sebuleni akipokea wageni na hongera zao. Si mvivu, maana kutwa anahangaika. Lakini huenda katika siku hizo zote 14 asimshike mwanawe hata kwa muda wa kuchemka birika la chai. Nami nasema huko ni kuitupa likizo. Ubaba ni ufundi wa mikono, na mwanagenzi asiyeshika kazi siku za mwanzo huishia kuwa mtazamaji ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mji huu ndio usiohitaji kufundishwa maana ya mazoezi. Hakuna mtu Eldoret anayeamini kwamba mbio huja kwa kununua viatu. Ila likija suala la malezi, watu wale wale huamini kwamba ubaba huja kwa kununua kitanda cha mtoto, na kwamba ujuzi na mazoea vitafuata vyenyewe siku mtoto atakapoanza kutamka maneno. Mwili hausemi hivyo. Huko Cebu, Ufilipino, watafiti waliwafuatilia wanaume 624 tangu mwaka 2005 kwa miaka minne na ushei, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Waliokuwa makapera mwanzoni, kisha wakapata wake na watoto, walipungukiwa na homoni ya testosteroni kwa kiasi kikubwa kuliko waliobaki makapera. Tena, miongoni mwa akina baba wenyewe, waliowashughulikia watoto wao saa 3 au zaidi kwa siku walikuwa na kiwango cha chini kuliko wale wasiowashughulikia kabisa. Msomaji mwenye haraka asishtuke akadhani ni ugonjwa. Homoni hiyo ina sehemu yake katika kumsukuma mwanamume kushindana na kutafuta mke, na aliyekwisha kupata mtoto haimpasi kukesha akishindana. Maumbile, kumbe, yamemwandalia baba njia yake ya kubadilika, na wanaobadilika zaidi ni wale waliomo kazini. Lugha yetu nayo ililijua hilo mapema. Mama aliyejifungua jana anaitwa mzazi, na mumewe ni mzazi vilevile, kwa neno lile lile. Na waliosema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, hawakusema kazi hiyo ni ya nani peke yake.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni la mila. Wazee watasema kwamba kwa jadi za Bonde la Ufa mwanamume hakukaribia kitoto kichanga, na mambo yalikwenda vizuri. Ni kweli. Sara Harkness na Charles Super, watafiti Wamarekani waliofanya kazi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, katika miaka ya 1970, walikuta mtoto mchanga yu mikononi mwa mama na wasichana wakubwa wa boma, na baba yuko mbali na shughuli hiyo. Pwani nako, mzazi hukaa arobaini akikandwa na kuhudumiwa na wanawake wenziwe, na uzazi wa kwanza mara nyingi huwa kwao msichana. Baba kazi yake ni kuadhini sikioni mwa mtoto na kugharimia akika siku ya saba. Lakini angalia mila hizo zilisimama juu ya nini. Baba aliweza kujitenga kwa sababu boma lilijaa watu. Palikuwa na bibi, shangazi, wake wenza, mabinti wa jirani na yule msichana ambaye kazi yake ilikuwa kubeba mtoto tu. Nafasi aliyoiacha baba ilizibwa na mikono sita au saba. Sasa iweke mila hiyo hiyo Elgon View, ndani ya ukuta wa mawe wenye geti la chuma, ambako jirani unamjua kwa rangi ya gari lake. Wasichana wako shule, shangazi yuko kazini Nairobi. Mama mkwe, ikiwa ni Mluhya anayeheshimu miiko, hata kulala katika nyumba ya mkwewe hawezi. Baba akijitenga hapo haachi nafasi ya kuzibwa na mtu, anaacha shimo, na anayetumbukia ni mwanamke mwenye mshono mbichi. Anayetaka mila kamili na airudishe yote, pamoja na watu wake. Asichukue kipande kimoja kinachompunguzia kazi na kukiita urithi wa mababu.

Wala isidhaniwe kwamba baba kujitenga ni sheria ya Afrika nzima. Kwa Waaka, wawindaji wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo, ambao Barry Hewlett aliandika habari zao, baba yuko karibu na kitoto chake kwa muda unaokaribia nusu ya siku. Ama amemshika, ama yupo mahali ambapo akinyoosha mkono anamfikia. Hao hawakufundishwa na Wazungu. Na sisi Wakenya tulikwisha kuandika neno letu wenyewe katika Katiba ya 2010, ibara ya 53: mtoto ana haki ya matunzo ya wazazi, na jukumu ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au hawakuoana.

Wengine watasema: baba hana ziwa, akae hapo afanye nini? Hapa ndipo wengi wenye nia njema hukwama, kwa kuwa hawajaona jinsi siku ya mtoto mchanga inavyokwenda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, na kichanga hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Kunyonyesha, basi, ni kwa mama. Lakini kati ya kunyonya na kunyonya pana kumpigapiga mgongo mpaka acheue, kumbadilisha nepi, kumwogesha pasipo kukitonesha kitovu, kufua, kumpikia mzazi uji wa wimbi, na kumbembeleza yule aliyeshiba, aliye mkavu, na bado analia. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai ziwa. Joto nalo halichagui kifua. Njia ya kumlaza kichanga ngozi kwa ngozi, ambayo ilianzishwa Bogotá mwaka 1978 kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, baba anaifanya kama mama, na katika mji huu ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Julai huuma mifupa, kifua cha baba si haba.

Kuna sababu ya kujifunza hayo mapema badala ya kungoja. Kilio cha watoto huzidi wiki hata wiki mpaka kufikia kilele karibu na wiki ya sita. Wakati huo likizo ya baba imekwisha zamani, wageni wametawanyika, na nyumba haina usingizi. Aliyeshika kazi tangu siku ya kwanza atakuwa amemjua mtoto wake: kilio hiki ni cha njaa, hiki cha gesi, hiki cha uchovu tu. Asiyejua atamtupia mama, au, Mungu apishe mbali, atamtikisa kwa hasira, na kichanga kutikiswa huweza kuvuja damu kwenye ubongo. Ikiwa uvumilivu umekwisha, mlaze chali mahali salama, toka nje, vuta pumzi, kisha urudi. Na katika wiki hiyo hiyo ya sita ndipo kliniki ya chanjo inapoanza tena, halafu wiki ya 10 na ya 14. Baba abebe mwenyewe kitabu cha kliniki, aulizwe uzito wa mtoto naye aujue. Nitaongeza onyo moja: aje kama msaidizi anayejifunza. Asije kama msimamizi mwenye simu mkononi, akimsomea mkewe namna ya kunyonyesha. Wa aina hiyo, heri angebaki Moiben.

Lakini dhihaka je? Mwanamume akionekana na nepi begani wenzake husema amekaliwa, tena amekaliwa chapati. Kuwajibu hao sitakwenda mbali, nitakwenda Kaptagat tu, mwendo mfupi kutoka hapa. Kambini kwa Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni wa Olimpiki mara mbili, wanariadha hufanya kazi za nyumbani kwa zamu, kufagia na kusafisha vyoo zikiwemo, na bingwa mwenyewe zamu yake haimpiti. Hakuna aliyewahi kusema wanaume wale wamekaliwa. Twasifu nidhamu yao, twawaonyesha watoto wetu picha zao. Kazi ile ile ikihamia nyumbani, kwa faida ya mke na mtoto, inageukaje kuwa aibu? Nakiri kwamba kambi hizo hizo humtenga mwanariadha na familia karibu wiki nzima, na kwa aliyepata mtoto huo ni mtihani ambao makocha wangefaa kuuzungumza. Mbio za msimu mmoja zinaweza kurudiwa, lakini wiki ya sita ya mtoto hairudi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanaume hawalitaji. Huzuni baada ya uzazi twaijua kwa akina mama, ingawa hata kwao twaichukulia kama deko. Mwaka 2010 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ukaonyesha kwamba kiasi cha baba mmoja kati ya kumi hupatwa na sonona kipindi cha uzazi, na kwamba hali huwa mbaya zaidi kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Tena kwa mwanamume mara nyingi haiji kwa machozi. Huja kwa ukali, kwa chupa, kwa kazi ya ofisini isiyokwisha saa nne za usiku. Weka tarehe hizo kando ya sheria. Likizo ya mama ni miezi mitatu. Ikimalizika, yeye anarudi kazini huku maziwa yangali yakimtiririka (Sheria ya Afya ya 2017 imemtaka mwajiri amwekee chumba cha kunyonyeshea, nenda ukavihesabu), na mwezi huo huo ndio baba anapokaribia ukingo. Nyumba nyingi zinazopasuka mwezi wa nne zilianza ufa wiki ya kwanza, mmoja alipojifunza kila kitu na mwenzake hakujifunza chochote. Anayejiona amefika hapo na aseme, kwa mkewe kwanza, kisha kwa daktari. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi iko mji huu huu, na mwanamume kuingia humo kwa ajili ya moyo uliozimia si ajabu kuliko kuingia kwa ajili ya goti.

Limebaki pingamizi la mwisho, nalo lina haki ndani yake: kwamba haya ni mawaidha ya wenye nacho. Mwendesha bodaboda halipwi asipoendesha, na mama mboga wa barabarani mumewe hana bosi wa kumwomba ruhusa. Kwao sheria haijafika, na sitawaambia waache riziki wiki mbili. Nitawaambia tu kwamba saa moja ya alfajiri kabla ya kuwasha pikipiki ni saa ya mtoto pia. Lakini kuna mwingine ambaye sheria ilikwisha kumfikia, wenyewe hatutaki kumwona. Ni yule afunguaye geti hapo Elgon View, na yule akataye nyasi. Mkewe amejifungua Lugari au Kapsokwony, habari kaipata kwa simu akiwa zamu ya usiku. Kifungu cha 29 hakikuandika meneja wala daktari, kiliandika mwajiriwa wa kiume. Kama ameletwa na kampuni ya ulinzi, kampuni ikumbushwe. Kama ameandikwa na mwenye nyumba, mwenye nyumba ndiye mwajiri. Mshahara wa mtu wa kushika zamu yake siku 14 si mkubwa kuliko gharama ya nyama iliyochomwa kumkaribisha mtoto wa nyumba kubwa. Apewe na nauli, aondoke asubuhi hiyo hiyo, asiambiwe angoje mwisho wa mwezi.