Bei isiyo na kilo ni uvumi, hata ikitoka kwenye kompyuta

Mfanyabiashara wa nafaka wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, hana tena shida ya kupata habari. Kabla jua halijachomoza, simu yake imekwisha kupokea bei za mahindi za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, tetesi za mpakani Namanga, utabiri wa mvua, pamoja na matangazo ya programu mbili tatu mpya zinazoahidi kumkutanisha na mnunuzi bila dalali. Shida aliyo nayo sasa ni nyingine. Kati ya habari zote hizo, hajui ni ipi aiwekee fedha zake.

Wapenzi wa teknolojia wanamwambia kwamba dawa ni kuongeza programu nyingine. Ushauri huo una kasoro. Kwa mfanyabiashara wa Dodoma, Singida au Kiteto, programu yenye manufaa kuliko zote ni ile itakayomwambia kilo moja ya mali yake imemgharimu kiasi gani. Asiyeijua namba hiyo hawezi kuitumia habari yoyote ya bei, iwe imefika kwa simu, kwa redio au kwa mdomo wa utingo wa lori.

Zamani nauli, leo salio

Sifa za teknolojia hazina budi kutajwa kwanza. Biashara ya nafaka ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, mtu wa Dodoma aliyetaka kujua bei ya Manzese au Tandale alipanda basi, au alimwuliza dereva, au alimwamini dalali. Aliporudi na jibu, bei ilikuwa imekwisha badilika. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, fedha nazo zikapata njia ya kusafiri bila kufungwa kiunoni. Leo dalali anayedanganya hugunduliwa kwa simu moja tu. Hiyo ni faida kubwa, na anayeibeza hajawahi kulala stendi akisubiri basi la alfajiri.

Hata hivyo, habari kufika haraka ni jambo moja, na habari kuwa kamili ni jambo jingine. Ujumbe unaozungushwa katika makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara husomeka takriban hivi: "Mahindi 70 gunia." Sabini elfu, sawa. Lakini gunia lipi? Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo imekuwa ikipiga vita lumbesa kwa miaka mingi, lakini lumbesa bado ipo.

Gunia la kilo 100 likiuzwa sh. 70,000, kilo moja ni sh. 700. Gunia lililoshindiliwa hadi kilo 120 kwa bei hiyo hiyo, kilo inashuka hadi sh. 583. Kwa lori la tani 10, tofauti hiyo inazidi sh. milioni 1.1. Ujumbe ni ule ule, na simu ni ile ile. Aliyeuza amepoteza, na aliyesoma ujumbe akiwa mji mwingine amedanganyika bila mtu yeyote kumdanganya.

Mfano wa tani 10

Kuna pengo jingine ambalo halionekani kwa macho, nalo ni maji yaliyomo ndani ya punje. Chukua mfano wa mfanyabiashara anayenunua tani 10 za mahindi mara baada ya mavuno kwa sh. 600 kwa kilo, akitumia mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na kuyahifadhi kwa miezi mitatu. Namba hizi ni za mfano tu, kila mmoja anaweza kuweka zake.

Mahindi yenyewe ni sh. 6,000,000. Magunia 100 kwa sh. 1,500 kila moja ni sh. 150,000. Usafiri na wapagazi sh. 400,000. Ushuru wa mazao sh. 120,000. Ghala sh. 150,000. Riba ya miezi mitatu sh. 270,000. Jumla ni sh. 7,090,000. Akigawa kwa kilo 10,000, kila kilo imemgharimu sh. 709. Simu inapolia na kusema bei ni sh. 730, anauza akiamini amepata faida ya sh. 210,000.

Lakini mahindi hayo yalinunuliwa yakiwa na unyevu wa asilimia 18. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Yakikauka kutoka hapo hadi hapo, kila kilo 100 hubaki kilo 94.8. Tani 10 zimekuwa kilo 9,480, hata kama hakuna panya aliyegusa wala kibarua aliyechota. Gharama halisi kwa kilo ni sh. 748. Kwa bei ya sh. 730, mfanyabiashara huyu hakupata faida, amepata hasara ya karibu sh. 170,000, na mkopo wa SACCOS bado unamsubiri.

Hesabu hii haihitaji kompyuta ya gharama kubwa. Inahitaji mstari mmoja zaidi katika daftari: uzito wakati wa kununua, na uzito wakati wa kuuza. Ni mstari huo ambao wafanyabiashara wengi hawauandiki.

Mstari huo wa unyevu una jambo zito zaidi ya fedha. Mwaka 2016 sumukuvu iliyotokana na mahindi ilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu 20 walifariki. Kuvu wanaotoa sumu hiyo hustawi katika nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na maji mengi. Mfanyabiashara anayepima na kuandika unyevu analinda mtaji wake, na pia anamlinda mlaji atakayenunua unga kilo mbili dukani.

Siku tano za Machi

Mapema Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia nchini humo kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu. Habari ilienea kwa saa chache. Tarehe 10 Machi, siku tano tu baada ya barua ya zuio, Kenya iliondoa katazo na kuweka masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti cha mahali ulikotoka na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Kwa mfanyabiashara wa nyanda za kati, siku tano hizo zilikuwa mtihani wa daftari. Mwenye kujua gharama ya kilo yake na siku ambazo mtaji wake unaweza kusubiri aliweza kukaa na kupima mambo. Asiyejua hakuwa na cha kushika isipokuwa hofu ya wenzake. Aidha, sehemu ya pili ya habari, yaani masharti, ndiyo iliyokuwa na fedha ndani yake, kwa kuwa kuanzia hapo mzigo wenye vyeti ulikuwa na soko ambalo mzigo usio na vyeti haukuwa nalo. Kwa kawaida ujumbe wa zuio husambazwa na kila mtu, na ujumbe wa masharti husomwa na wachache.

Mambo ya namna hiyo hayajaisha. Aprili 2025 ilikuwa zamu ya Tanzania kuzuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini, na zuio hilo nalo liliondolewa baada ya siku chache. Mnunuzi wa alizeti wa Singida naye hana budi kuifuata bajeti ya serikali kila Juni, kwa sababu ushuru wa mafuta ya kula yanayoagizwa kutoka nje hugusa bei ya mbegu iliyoko ghalani kwake.

Hisa nazo zina mizani

Kanuni hii inamhusu pia mwekezaji mdogo ambaye siku hizi ananunua hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa simu akiwa Area C au Nkuhungu. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa milioni 560 kwa umma kwa sh. 850 kila moja na kukusanya sh. bilioni 476. Wengi walionunua walikuwa wawekezaji wa mara ya kwanza. Baadaye hisa hiyo ilikaa kwa muda mrefu chini ya bei hiyo.

Je, walipata hasara? Bei pekee haiwezi kujibu. Ni lazima kujumlisha gawio lililopokelewa, kutoa ada ya wakala, na kulinganisha na riba ambayo fedha hizo zingepata kwenye dhamana za serikali kwa kipindi hicho hicho. Programu ya simu inaonyesha bei ya leo. Hesabu hiyo nyingine ni kazi ya mwenye fedha.

Programu ilikuwapo

Isisemwe kwamba zana hazipo. Mwaka 1979 Dan Bricklin, aliyekuwa mwanafunzi wa biashara Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na mwenzake Bob Frankston, walitoa VisiCalc, programu ya kwanza ya lahajedwali kwa kompyuta ndogo. Lahajedwali ni karatasi ya hesabu yenye safu na mistari, ambayo ukibadilisha namba moja, nyingine zote hujirekebisha. Programu hiyo ndiyo iliyowafanya wenye maduka na wahasibu waone sababu ya kununua kompyuta.

Hata kisingizio cha lugha kina zaidi ya miaka 20 tangu kiondolewe. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za bure kwa Kiswahili, lahajedwali ikiwamo. Leo lahajedwali ya bure inafunguka hata kwenye simu ya kawaida ya mguso. Kinachokosekana ni desturi ya kupima na kuandika siku ile ile, kabla kumbukumbu haijaanza kuipendelea faida.

Kuna mahali ambapo desturi hiyo imetangulia, na matokeo yanaonekana. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekwa na sheria ya mwaka 2005, mazao hupimwa uzito na ubora ghalani kabla ya kuuzwa. Soko la Bidhaa Tanzania, lililozinduliwa mwaka 2015, huendesha minada ya ufuta, dengu, mbaazi na, kuanzia msimu wa 2024, korosho, kwa njia ya kompyuta, na bei hutangazwa kwa kilo. Wakulima wamewahi kulalamikia kuchelewa kwa malipo, na malalamiko hayo yanastahili kujibiwa. Lakini bei inayotoka hapo ina maana moja kwa kila anayeisikia, kwa sababu mizani ilitangulia na kompyuta ikafuata.

Kongwa inaijua vizuri gharama ya kupindua utaratibu huo. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapo matrekta kwa ajili ya mpango wa karanga uliolenga zaidi ya ekari milioni tatu. Mashine zilitangulia, vipimo vya udongo na mvua vikachechemea nyuma. Ardhi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, mvua haikutosha, na mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Soko la Kibaigwa liko katika wilaya hiyo hiyo.

La kufanya

Wafanyabiashara wanaweza kuanza wenyewe bila kusubiri mradi wala mfadhili. Viongozi wa makundi ya WhatsApp wakatae kila bei isiyotaja mambo manne: kilo, unyevu au daraja la mali, mahali, na tarehe. Bei isiyo na hayo ihesabiwe kuwa uvumi. Watakaolalamika mwanzoni ni wale wanaonufaika na giza.

Kila mfanyabiashara naye afungue karatasi moja kwa kila mzigo, iwe kwenye simu au kwenye daftari la kaunta, na nakala yake ikae mahali pengine. Wanaoshirikiana wanaweza kuchangia kipima unyevu kimoja, maana hasara ya mzigo mmoja tu, kama ule wa mfano hapo juu, si ndogo.

Msimu wa nyanda za kati ni mmoja tu kwa mwaka. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili, na aliyekosea hesabu wakati wa mavuno hana vuli ya kumfidia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi habari ni tele, lakini mali bado inaisha kwa sababu ile ile.