Mzazi Aliyekosa Shule Asikae Kimya

Mwaka 2004 huko Eldoret, Kenya, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84, baada ya ada ya shule za msingi kufutwa nchini humo mwaka 2003. Mwaka 2005 alikwenda New York, kwenye Umoja wa Mataifa, kutetea elimu ya msingi bila ada. Hakuwa na shahada. Hoja yake ilikuwa miaka aliyoikosa kalamu.

Ndugu Waislamu, wazazi wa namna hiyo tunao hapa Sikonge. Wako walioacha shule kwa ajili ya kuchuma na kukausha tumbaku. Leo katika mikutano ya shule huketi nyuma kimya, wakidhani asiyesoma hana la kusema. Sisi twasema: ni nani aijuaye hasara hiyo kuliko aliyeipata?

Mwaka 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2021 Serikali iliruhusu waliokatiza masomo kurejea shuleni. Basi wazazi, simameni mkutanoni mseme yaliyowapata. Kisha anzeni nyumbani: mtoto abaki darasani, hata majani yakiwa yameiva shambani.