Andika Maisha Yako kwa Mkono Wako



Harusi ikikaribia, bi harusi huwa na daftari la kila kitu: wageni, nguo, vyombo, pesa za mpishi. Sisi tunaona daftari moja husahaulika, nalo ni la maisha yake mwenyewe.

Wengi husema, "Mimi nina nini cha kuandika?" Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, alianza kuandika maisha yake kwa ajili ya watoto wake tu. Kitabu kikachapishwa mwaka 1886. Njia aliyoifuata maishani si yetu, lakini tujiulize: yeye alijifundisha kuandika kwa siri, maana mtoto wa kike hakufundishwa. Sisi tumesomeshwa, na kalamu yetu inaishia kwenye orodha ya sokoni.

Faida ya kwanza ni shukrani. Katika Suratu Dhuha, Allah (s.w.) anamkumbusha Mtume wetu (s.a.w.) maisha yake: alikuwa yatima akapewa makazi, alikuwa mhitaji akatoshelezwa. Kisha anaamrishwa azisimulie neema za Mola wake. Ukiandika, utaona milango mingi uliyodhani imefungwa ilifunguliwa, ila ulisahau.

Faida ya pili ni kujijua. Mmoja wetu alianza kuandika akiwa katika eda ya talaka. Alidhani atajaza malalamiko. Kurasa za mwanzo zilikuwa hivyo kweli. Halafu akajikuta anamwandika bibi yake, aliyemfundisha kushona kofia barazani baada ya chuo. Alikuwa hajashika sindano tangu aolewe. Eda ilipokwisha, alikuwa ana kofia ya kwanza ya kuuza. Daftari halikumpa fundi mpya. Lilimrudishia yule aliyekuwepo.

Tunajua kuna watakaosema mambo ya ndani hayaandikwi. Ni kweli, na sisi hatuwaungi mkono wanaoanika ndoa zao kwenye simu. Siri ya chumbani ni amana, na dhambi aliyoisitiri Allah usiifichue. Aibu za watu wengine pia si zako kuzisimulia. Lakini sitara si kujifuta. Andika ya kwako, funga sandukuni, ufunguo ukae nao wewe.

Kwa mabibi harusi tunasisitiza zaidi. Somo atakufundisha mengi kuhusu mume, lakini wewe ni nani, hakuna wa kukufundisha. Andika kabla ya nikaha: nani alikulea, nini kinakutisha, kipi ulikitamani tangu mdogo. Karibuni utaitwa mke wa fulani, kisha mama fulani. Ni majina matamu na yana ujira, inshaAllah. Ila siku ndoa ikikupa mtihani, na kila ndoa ina mitihani yake, utahitaji kumsikia yule msichana aliyekuwa na jina lake.

Usisubiri uwe mzee. Leo baada ya Isha, sema Bismillah, andika ukurasa mmoja tu. Anza na jina lako: nani alikupa, na kwa nini alilichagua. Kama hujui, kesho asubuhi mpigie mama simu umuulize, maadamu yupo wa kukujibu.

Allah azitie baraka kalamu zetu. Amin.