UKUMBI WA MALEZI: Neno Fupi Lenye Maana



Baridi ya Minnesota inapofunga milango, vijana wengi wa Oakdale hushuka chumba cha chini, wakavaa hedifoni na kuingia katika michezo ya vita ya kompyuta. Mzazi aliye juu husikia makelele tu: "Pale! Pale! Huyo! Nyuma!" Hudhani ni ugomvi. Kumbe ni wenza wa kikosi kimoja wanaopashana habari, nao wanapashana vibaya.

Watengenezaji wa michezo hii wamehangaika kwa muda mrefu na jambo hilo. Counter-Strike, uliouzwa madukani mwaka 2000, ulikuwa na amri za redio: mchezaji hubonyeza kitufe, wenzake wakasikia kwamba adui ameonekana au msaada wahitajika. SOCOM wa mwaka 2002 ulimwezesha mchezaji kuwaamrisha kwa mdomo askari wanaoendeshwa na mashine. Apex Legends, Februari 2019, ulipunguza hata haja ya kusema: ukielekeza shabaha na kubonyeza kitufe, alama hutokea katika vioo vya wenzako, na sauti iliyorekodiwa hutamka kilichopo.

Faida yake kwetu ni kubwa. Kijana aweza kucheza na wageni pasipo kufungua maikrofoni. Wazazi wanajua matusi yanayomwangukia mtoto pindi jina lake la Kiislamu linapoonekana au lafudhi yake inaposikika. Kampuni ya Activision ilianza Agosti 2023 kutumia programu ya kuchunguza mazungumzo ya Call of Duty, ikianza na Kiingereza. Lakini adhabu huja baada ya tusi kusikika.

Wanapocheza ndugu kwa ndugu, mmoja Oakdale, mwingine Mombasa, wa tatu Maskati, sauti ndiyo raha yenyewe. Hapo yafaa watumie Kiswahili, ambacho amri za michezo niliyoitaja hazinacho. Wapo wasemao kwamba lugha yetu ni ndefu mno kwa kazi hiyo. Historia yakataa. Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa na Waingereza mwaka 1902, lilikusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili kiliwaunganisha wengi wao. Hata leo gwaride la Tanzania huamriwa kwa maneno mawili mawili: mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka.

Basi wafundisheni vijana kanuni tatu.

Kwanza, mahali patajwe kabla ya kitu. "Mlangoni, wawili" hushinda "Nimewaona watu wawili wamesimama mlangoni", kwa kuwa aliyesikia neno la kwanza tu amekwisha geuka.

Pili, waache "pale", "huku" na "huyo". Maneno hayo humtaka msikilizaji aone kwa macho ya msemaji, naye anatazama kioo chake. "Kulia" na "kushoto" nayo hudanganya, maana huenda mwenzako amekuelekea. Wapatane majina ya mahali kabla ya kuanza: kisimani, ngazini, ghalani.

Tatu, aliyesikia ajibu "Nimepata", kisha anyamaze. Aliyeuawa atoe habari yake ya mwisho, awaachie walio hai wasikilizane. Lawama zingoje mchezo uishe.

Yaliyobaki ni ya mzazi. Mingi ya michezo hii hapa Marekani hupewa alama ya M, yaani ni ya wenye umri wa miaka 17 na zaidi. Aliye chini ya hapo atafutiwe mwingine, kwani kanuni hizi hufaa hata katika mpira wa kompyuta. Fungueni mipangilio pamoja na kijana, mruhusu sauti za watu anaowajua peke yao. Kisha wekeni saa. Jumamosi saa nne asubuhi hapa Oakdale, wakati wa baridi, ni saa moja usiku Mombasa na saa mbili Maskati. Kule wamekwisha sali Magharibi, na hapa Adhuhuri haijaingia. Binamu watacheza, watacheka, na Kiswahili kitasikika chumba cha chini. Shangazi akipita nyuma ya kioo kule Mombasa, mwambieni kijana asimamishe vita amwamkie.

Wabillahi tawfiq.